Kabla giaboksi haijashushwa

Dereva yeyote anayepakia Kayanga kwenda vijiji vya Rugu anaijua picha hii. Probox ya mwaka 2004 inapanda kilima ikiwa imejaa abiria, buti limesheheni ndizi, na gunia la kahawa limebanwa miguuni pa watu wa nyuma. Ghafla injini inanguruma kama gari iko huru, lakini magurudumu yanajivuta. Dereva anaachia mafuta, kitu kinapiga kishindo chini, gari inaendelea. Asubuhi yuko gereji. Hajamaliza kueleza, jibu limeshatoka: "Pole waitu. Giaboksi imekufa hiyo, tafuta nyingine."

Hukumu hiyo hutolewa haraka mno, na gharama yake anaibeba mwenye gari peke yake. Giaboksi ya mtumba inaagizwa Mwanza au Dar es Salaam, inalipiwa, inasafirishwa, inafungwa, na baada ya miezi michache gari inarudi na ugonjwa uleule. Mara nyingi haikuwa bahati mbaya. Iliyobadilishwa ni giaboksi tu, na kilichoiua ya kwanza kilibaki palepale ndani ya gari.

Suala hili lina uzito wa pekee katika wilaya za mpakani kama Karagwe na Kyerwa, kwa sababu magari ya huko ni ya zamani. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyotumika kwa zaidi ya miaka 8, na Uganda tangu mwaka 2018 inakataa yenye miaka 15 au zaidi. Tanzania haikufunga mlango. Iliongeza ushuru kwa gari zilizozidi umri. Ndiyo maana Corolla ya miaka ya 1990 bado inabeba watu na mizigo kwenye barabara za vumbi, na giaboksi yake ya otomatiki imeshapita kwenye mikono ya madereva na mafundi wengi.

Ili kuelewa jinsi inavyougua, ni vizuri kwanza kujua inavyoishi. Kati ya injini na gia hakuna kluchi ya kukanyaga kwa mguu. Kuna konvata, chombo kama kibuyu kilichojaa oili, ambamo nguvu ya injini inasukuma oili na oili inasukuma gia. Konvata hiyohiyo inazungusha pampu, na pampu inasukuma oili hadi kwenye pakiti za pleti za kluchi ili zibanane. Presha ikiwepo pleti zinashika. Ikipungua zinateleza, zikiteleza zinaungua. Kila kitu ndani ya chombo kile kinategemea oili: ndiyo inayobeba nguvu, ndiyo inayobana pleti, ndiyo inayolainisha, na ndiyo inayopoza.

Hapo pia ndipo ulipo ubaya wa kuvuta gari ya otomatiki kwa kamba. Injini ikiwa imezimwa pampu haizunguki, oili haipandi, lakini magurudumu yanaendelea kuzungusha vyuma vikavu. Gari iliyokwama kwa hitilafu ndogo ya umeme huko vijijini inaweza kufika Kayanga ikiwa na giaboksi iliyokufa kweli, kwa sababu ya mwendo wa kuvutwa tu. Kwa gari inayovuta kwa magurudumu ya mbele, hayo ya mbele yanyanyuliwe.

Uchunguzi wenyewe unaanza na kijiti cha kupimia oili na kipande cha karatasi nyeupe, yaani tishu.

Gari iendeshwe kwanza hadi oili ipate moto, isimame mahali tambarare, injini ikiwa kwenye sailensa. Mguu ukiwa kwenye breki, mkono wa gia upitishwe taratibu kutoka P hadi L na kurudishwa P. Ndipo kijiti kinachomolewa, kinafutwa, kinarudishwa, kinachomolewa tena. Wengi hupima injini ikiwa imezimwa, kama wanavyopima oili ya injini, na kwa Toyota kipimo hicho hudanganya, kwa sababu oili iliyokuwa kazini imeshateremka. Baada ya kupima hivyo kuna anayetoa oili iliyokuwa sawa. Kujaza kupita kiasi nako kuna madhara. Ikizidi, gia zinazozunguka zinaipiga mpaka inatoa povu, na povu ni hewa. Hewa haibani pleti. Dalili zake zinafanana kabisa na za oili iliyopungua.

Kisha tone moja kwenye tishu. Oili nzima ni nyekundu, inapenya na kusambaa ikiacha doa la waridi. Ya kahawia lakini isiyonuka imechoka tu. Nyeusi yenye harufu kali ya kuungua, na katikati ya doa yakabaki masizi, ni ushahidi kwamba pleti zimeshalika. Ikiwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa strawberi, maji yameingia, na mahali pa kutazama ni rejeta. Katika magari mengi haya, bomba la kupoza oili ya gia limepita ndani ya tangi la chini au la pembeni la rejeta. Watu hujaza rejeta maji ya kisima miaka nenda rudi bila kuchanganya dawa ya kuzuia kutu, kuta zinaliwa, na siku moja maji na oili vinakutana. Maji yanavimbisha utando wa pleti na kulegeza gundi inayoushika. Fundi anayebadilisha giaboksi na kuiacha rejeta ileile atakuwa ameipa giaboksi mpya sumu ileile.

Kuna imani imekita mizizi kwamba ukibadili oili ya gia ya zamani, gia inakufa. Ukifuatilia, utakuta mwenye gari alikumbuka oili baada ya gia kuanza kuteleza, akaimwaga kama dawa ya mwisho. Pleti zilikuwa zimeisha siku nyingi. Tena kumwaga mara moja hakutoi yote: kwa Probox hutoka takriban lita 3 kati ya zaidi ya 6, nyingine inabaki ndani ya konvata.

Swali la oili gani itiwe si la kubahatisha. Mwaka 1949 General Motors ilitoa kiwango chake cha oili ya otomatiki kilichoitwa Type A, na ndani yake mlikuwa na mafuta ya nyangumi, yaliyofanya pleti zishike kwa ulaini bila kutetemeka. Marekani ilipomwingiza nyangumi huyo katika orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 1970, watengenezaji walilazimika kutafuta mbadala. Mojawapo ya michanganyiko iliyofuata, Dexron II-C, ilianza kula maungio ya vipoza oili, ikabidi itengenezwe nyingine. Wahandisi wenye maabara walikosea, na magari yakaumia. Basi duka la spea linalouza "haidroliki nyekundu" bila jina lolote si mahali pa kujaribia. Probox za miaka ya mwanzo zina giaboksi ya U340E yenye gia nne, inayotaka Type T-IV. Probox zilizotoka kuanzia mwaka 2014 zina CVT, ambayo badala ya gia hizo nne hutumia mkanda wa chuma, nayo ina oili yake kabisa. Jina la gari ni moja, ila oili ya moja inaua nyingine.

Oili ikiwa sawa, bado hakuna sababu ya kushika spana ya kushushia. Kuna waya.

Toyota nyingi za zamani zina waya mwembamba unaotoka kwenye throto ya injini hadi giaboksi. Kazi yake ni kuiambia giaboksi dereva amekanyaga mafuta kiasi gani, na presha ya oili hupanda kufuatana nao. Ukilegea, gia zinabadilika mapema na kwa ulaini wa kupendeza, dereva anafurahi, kumbe presha iko chini na pleti zinateleza kidogo kila gia inapoingia. Ukikazwa sana, gia zinachelewa na kuingia kwa kishindo. Kipimo cha Toyota ni kwamba mafuta yakikanyagwa hadi mwisho, nafasi kati ya kizuizi kilicho kwenye waya na ncha ya ganda la mpira iwe kati ya 0 na milimita 1. Milimita moja! Fundi aliyefungua kabureta au throto na kuurudisha waya huo kwa macho anaweza kuwa ndiye aliyeanzisha ugonjwa ambao miezi sita baadaye ataitiwa kuutibu.

Baada ya hapo ni umeme. Gari zenye plagi ya mashine hupimwa kwa mashine, na msimbo P0753 kwa mfano unaelekeza kwenye umeme wa solenoidi ya kubadilishia gia. Hapa fundi mwangalifu husoma neno "umeme" na kwenda kwenye waya na soketi, kwa sababu panya, matope na maji ya kuoshea gari hufika huko kabla ya kufika ndani. Zile za miaka ya 1990 zisizokubali mashine za siku hizi zina njia yake. Katika kiboksi kidogo chini ya boneti, matundu ya TE1 na E1 huunganishwa kwa kipande cha waya, suichi inafunguliwa bila kuwasha injini, na taa ya O/D OFF inaanza kukonyeza. Mikonyezo sita, kituo, miwili: 62, solenoidi ya kwanza. 63 ni ya pili, 64 ni ya kufunga konvata, 42 na 61 ni sensa za mwendo. Fundi anahesabu kwa kidole.

Jaribio zuri kuliko yote halihitaji hata mashine. Katika Toyota nyingi za kielektroniki za enzi hiyo, soketi ya solenoidi ikichomolewa, giaboksi haifi. Inabaki na akili yake ya oili tu: kwenye L inatoa gia ya kwanza, kwenye 2 inatoa ya tatu, kwenye D inatoa ya nne. Gari ikiendeshwa hivyo na gia zote tatu zikashika sawasawa, pampu na pleti za gia hizo ni nzima, na yaelekea tatizo liko upande wa umeme. Na gari inayoanza kuondoka kizito kama imebeba mawe, ikija na hukumu ya kifo kutoka gereji nyingine, huenda inaondokea gia ya nne kwa sababu soketi moja imeingia kutu.

Jaribio linalofuata kabla ya kufungua ni la nguvu, na halifai kwa mtu mwenye haraka. Oili iwe ya moto. Vigingi kwenye magurudumu yote manne, hendibreki juu, mguu wa kushoto ukandamize breki, gia D, kisha mafuta yakanyagwe hadi mwisho kwa muda usiozidi sekunde 5. Baadhi ya Probox hazina mshale wa resi kwenye dashibodi, hivyo namba inasomwa kwenye mashine. Gari ipumzike kwenye N kwa dakika nzima, kisha R. Kitabu cha gari husika ndicho kinachotoa kiwango, na kwa Toyota nyingi ndogo ni kama mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika. Ikipanda juu ya kiwango kwenye D na R pia, presha nzima ni ndogo: oili, chujio au pampu. Ikipanda kwenye D peke yake, kluchi ya mbele inateleza. Na ikiwa chini pande zote mbili? Hapo wengi hupotea. Injini yenyewe haina nguvu, au konvata imekufa ikiwa upungufu unazidi mizunguko 600. Gari ya Karagwe inayokosa nguvu kilimani inaweza kuwa inamisi tu, koili moja imechoka, na giaboksi inasingiziwa.

Saa ya simu hukamilisha kazi. Kutoka N kwenda D, mshindo wa gia kuingia usikike ndani ya sekunde 1.2, kutoka N kwenda R, ndani ya 1.5. Inapimwa mara tatu, unachukuliwa wastani.

Sasa ndipo karai la chini linashushwa. Sumaku zilizomo humo zikiwa na tope laini la kijivu, ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyoshikwa na sumaku vinaonyesha beringi, gia au sahani za chuma. Vinavyong'aa rangi ya shaba na kuikataa sumaku ni bushi. Magamba meusi ni utando wa pleti, na yakiwa mengi hakuna tena la kubishania: giaboksi ishushwe.

Ikifika hapo, gari au giaboksi yake itapelekwa Bukoba, kilomita zaidi ya 100 kupitia Kyaka, kwa fundi ambaye hakuisikia ikipanda kilima. Fundi wa kwanza anaweza kumrahisishia kazi kwa karatasi moja ya daftari iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kile kipande cha tishu: resi za D na R, sekunde za N hadi D na N hadi R, namba za mikonyezo, na aina ya oili iliyokuwemo. Chini yake, mstari mmoja kwa mwenye gari: rejeta na bomba zake zisafishwe au zibadilishwe kabla nyingine haijafungwa.