Boksi la Kuchomeka Huchaguliwa Kuanzia Kwenye Basba

Katika viwanda vingi agizo la ununuzi huandikwa hivi: "Boksi la kuchomeka, fezi tatu, ampea 100." Afisa manunuzi anakusanya bei tatu, anachukua ya chini, na mzigo unafika wiki ijayo. Tatizo ni kwamba ampea 100 ni takwimu ya mashine. Haisemi neno lolote kuhusu basba inayopita juu ya mashine hiyo, ilhali basba ndiyo itakayoamua kama boksi litafanya kazi kwa amani au litapasuka siku ya shoti ya kwanza. Hoja yangu katika uchambuzi huu ni moja: anza juu, kwenye basba, kisha ushuke kwenye mashine. Anayeanzia chini hununua boksi linaloingia lakini halifai.

Basba ninayoizungumzia ni ule mfereji mrefu wa chuma au alumini unaoning'inia chini ya paa la kiwanda, ukiwa na baa za shaba au alumini ndani yake. Kila baada ya umbali fulani, ambao kwa bidhaa nyingi za Marekani ni inchi 24, kuna dirisha. Boksi hushika baa kupitia dirisha hilo kwa taya zenye springi, na ndani yake kuna swichi yenye fyuzi au breka, kisha kebo inashuka hadi kwenye mashine. Mfumo huu ulizaliwa Detroit mwishoni mwa miaka ya 1920. Viwanda vya magari viliomba njia ya kupitisha umeme juu ambayo ingerahisisha kuunganisha mashine zenye mota, na ambayo ingeruhusu mashine kuhamishwa kila mpangilio wa uzalishaji ulipobadilika. Kabla ya hapo, kuhamisha mashine kulimaanisha kuvuta mabomba na nyaya upya kutoka kwenye bodi kuu. Baada ya hapo ikawa chomoa, sogeza, chomeka. Urahisi huo ndio nguvu ya basba hadi leo. Ndio pia unaowaponza watu, kwa sababu kitu cha kuchomeka kinachukuliwa kama plagi ya pasi.

Swali la kwanza basi ni la ukoo: basba hii ni ya nani na ni ya toleo gani? Kila mtengenezaji ana umbo lake la dirisha, nafasi yake kati ya baa na baa, mahali pake pa ethi, na pini zake za kuzuia boksi lisichomekwe kichwa chini. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61439-6, kilichotoka mwaka 2012, na kile cha Marekani cha UL 857, vyote vinaipima basba kama mfumo mmoja: baa, viungio na maboksi yake kwa pamoja. Boksi la kampuni nyingine linaweza kuingia dirishani bila taabu na bado likawa halijawahi kupimwa juu ya baa hizo. Hapo cheti cha basba hakilihusu boksi, na cheti cha boksi hakiihusu basba.

Ugumu unakuja pale kiwanda kilipojengwa miaka mingi iliyopita, au basba ilipoletwa ikiwa imetumika, na mtengenezaji wake amekwisha kununuliwa na kampuni nyingine au ameacha kutoa aina hiyo. Njia halali zipo. Wapo wanaotengeneza maboksi mbadala yaliyopimwa kwa ajili ya basba za zamani, na mara nyingine inafaa kubadilisha kipande kizima cha basba kwa kutumia kiungio cha mtengenezaji. Njia isiyo halali ni kupiga tupa taya ili ziingie. Taya iliyopigwa tupa imepoteza bati au fedha iliyopakwa juu yake, imepoteza eneo la kugusana, na springi yake haikandamizi tena ilivyokusudiwa.

Hasara yake inahesabika. Joto katika mgusano ni mkondo kwa kipeo cha pili mara ukinzani. Mgusano wenye ukinzani wa milioomu 1 ukipitisha ampea 100 hutoa wati 10. Ukiharibika hadi milioomu 5, hutoa wati 50 mahali padogo kuliko kiganja cha mkono, ndani ya boksi lililofungwa. Joto linalainisha springi, springi iliyolegea inaongeza ukinzani, ukinzani unaongeza joto. Breka haitalikata hilo, maana mkondo haujazidi hata kidogo.

Swali la pili ndilo linalorukwa zaidi: shoti ikitokea hapa, penye dirisha hili hasa, mkondo utafika ngapi? Tuchukue transfoma ya kVA 1000 inayotoa volti 400, yenye impedansi ya asilimia 5. Mkondo wake kamili ni ampea 1,443. Shoti kwenye vituo vyake, tukidhani umeme wa kuingilia ni wenye nguvu sana, ni 1,443 gawa kwa 0.05, yaani karibu kiloampea 29. Boksi lolote lililo karibu na bodi kuu litakabiliana na takwimu hiyo au pungufu kidogo. Breka iliyoandikwa kiloampea 10, ambayo ni ya kawaida kwenye bodi za majumbani, haina kazi hapo. Ikijaribu kukata inaweza kupasuka na kuuacha moto wa umeme ukiendelea.

Mbali na transfoma mkondo hupungua, na hapa kuna mtego ambao nimeona hata watu wenye elimu nzuri wakiuingia. Transfoma yetu ina impedansi ya milioomu 8. Tuseme tawi la basba ndogo, la mita 60, lina milioomu 6. Anayejumlisha tu anapata 14, na shoti ya kiloampea 16.5. Anaridhika na breka ya kiloampea 18. Lakini impedansi ya transfoma kubwa karibu yote ni riaktansi, na ile ya basba ndogo sehemu yake kubwa ni ukinzani. Vitu hivyo viwili havijumlishwi moja kwa moja. Vinajumlishwa kama pande za pembetatu mraba. Tukichukulia transfoma ni riaktansi tupu na basba ni ukinzani mtupu, 8 na 6 hutoa 10, wala si 14. Volti 231 za fezi moja zikigawanywa kwa milioomu 10 zinatoa kiloampea 23. Breka ya 18 imekwisha kushindwa kwenye karatasi, kabla ya kufungwa. Ongeza kwamba mota zinazozunguka wakati wa shoti nazo hurudisha mkondo kwa muda mfupi, na utaona kwa nini makisio ya kichwani hayatoshi.

Kutoka hapo ndipo mjadala wa fyuzi au breka unapata maana. Fyuzi za NH zinazouzwa kwa viwanda mara nyingi huandikwa uwezo wa kukata wa kiloampea 100 au 120, na kwenye shoti kubwa hukata kabla mkondo haujafika kilele chake. Hilo huziokoa taya za boksi na nguvu ya sumaku inayozisukuma mbali na baa. Ndiyo maana boksi moja linaweza kuwa na uwezo mdogo likiwa na breka ya kawaida na uwezo mkubwa sana likiwa na fyuzi ya aina iliyotajwa kwenye kibao chake. Aina iliyotajwa, nasisitiza. Ukiweka nyingine, takwimu ya kibao inafutika. Kwa upande wa pili, fyuzi moja ikikatika kati ya tatu, mota hubaki inazunguka kwa fezi mbili na kuungua polepole kama hakuna ulinzi wa kupotea kwa fezi. Breka hukata zote tatu kwa pamoja na hurudishwa bila kwenda stoo, ingawa ikikata kwa shoti kubwa inapaswa kukaguliwa kabla ya kurudishwa.

Uamuzi wangu unategemea stoo kuliko kitabu. Pale shoti ni kubwa na stoo ina fyuzi halisi za akiba, chagua swichi yenye fyuzi. Pale akiba ya fyuzi huisha na zamu ya usiku ikalazimika kufunga kipande cha waya ili kazi isisimame, chagua breka yenye uwezo wa kutosha, hata ikigharimu zaidi. Waya badala ya fyuzi ni hatari kuliko breka yoyote ghali.

Kuhusu swichi yenyewe, tazama herufi zilizoandikwa pembeni mwa ampea. Chini ya IEC 60947-3, swichi ya AC-20 hufunguliwa bila mzigo tu. AC-21 ni kwa mizigo ya joto, AC-22 kwa mchanganyiko, na AC-23 kwa mota. Mota ya kW 45 kwa volti 400 hula takribani ampea 80 ikiwa kazini, na huvuta mara sita au zaidi ya hapo inapowashwa moja kwa moja. Aisoleta ya ampea 100 ya daraja la AC-20 inaweza kubeba mkondo huo wa kazini mwaka mzima, na siku fundi atakapoivuta mota ikiwa imekwama, cheche hazitazimika. Swichi mbili zenye ampea ileile, bei tofauti: sababu mara nyingi ni herufi hizo.

Sasa tuje kwa mkono wa mtu. Basba ipo mita nne, tano juu. Kanuni ya Taifa ya Umeme ya Marekani, katika Kifungu cha 368, inadai kwamba boksi lililo mahali mkono usipofika liwe na kamba, mnyororo au fimbo ya kulizima mtu akiwa chini sakafuni. Ni sharti dogo lenye uzito mkubwa, kwa kuwa mtu aliyenaswa na mashine hawezi kusubiri ngazi itafutwe. Agiza mkono wa kuzimia pamoja na boksi. Hakikisha una tundu la kufuli la kuufunga swichi ikiwa imezimwa, na kwamba mlango haufunguki swichi ikiwa imewashwa, na boksi halichomeki wala halichomoki ikiwa imewashwa. Ethi iwe ya kwanza kugusa na ya mwisho kuachia.

Kizuizi hicho cha mlango kina mpaka wake, na vijana wanaoanza kazi wanapaswa kuambiwa waziwazi. Ukizima swichi na kufungua mlango, upande wa juu wa swichi bado una umeme, maana taya bado zimeuma baa. Boksi zuri lina kinga ya plastiki mbele ya vituo hivyo. Lisilo na kinga hiyo usilichukue.

Na kuchomeka basba ikiwa na umeme? Wazo la Detroit la kuhamisha mashine upesi limewafanya wengi waone ni jambo la kawaida. Kiwango cha Marekani cha NFPA 70E, kinachohusu usalama wa wafanyakazi wa umeme, kinahesabu kuchomeka na kuchomoa kifaa kwenye basba miongoni mwa kazi zinazoweza kuzua mlipuko wa cheche, na kinadai mavazi maalumu. Dirisha lenye kipande cha chuma kilichoanguka ndani, au taya iliyopinda, haionekani kutoka nje. Zima basba. Uzalishaji wa nusu saa unapatikana tena.

Hali ya hewa nayo ina sauti kwetu pwani. Viwango vya IEC 61439 vinachukulia wastani wa nyuzi 35 kwa saa 24 na kilele cha nyuzi 40. Chini ya paa la bati Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, mchana, hewa ya juu inaweza kupita hapo, na boksi limening'inia hukohuko juu. Omba jedwali la mtengenezaji la kupunguza ampea kwa joto na ulifuate. Kwenye vinu vya unga, viwanda vya pamba na vya saruji, tazama daraja la IP, yaani la kuzuia vumbi na maji, la boksi lenyewe. Basba ya IP55 iliyochomekwa boksi la IP31 imefunguliwa mlango wa vumbi.

Kwa hiyo, wewe unayeandika agizo la wiki hii, panda ngazi basba ikiwa imezimwa, piga picha ya kibao chake, na uitume kwa muuzaji pamoja na takwimu ya shoti ya mahali hapo, daraja la AC, aina ya fyuzi au uwezo wa breka, na joto la chini ya paa. Mdai maandishi ya mtengenezaji kwamba boksi hilo limepimwa juu ya basba hiyo. Boksi litakalofika bila maandishi hayo lirudishwe, hata kama linaingia.