Picha ya Bibi Husomwa Kwenye Weusi Wake

Ukionyeshwa picha ya bibi wa mtu, iliyopigwa kwa filamu nyeusi na nyeupe, usianze na uso. Isogeze dirishani, kwenye mwanga wa mchana usio na jua kali, utazame kwanza sehemu zenye giza kuliko zote. Tuseme bibi amevaa buibui, amekaa barazani, na nyuma yake mlango uko wazi. Hapo pana weusi wa namna tatu: wa nguo, wa ngozi iliyo kivulini chini ya kidevu, na wa chumba. Picha nzuri huutenganisha. Unauona mkunjo wa buibui begani, unaona shingo inapoishia na kitambaa kinapoanzia, na chumba kimebaki nyuma kabisa. Picha mbovu humeza vyote kwa pamoja, na bibi anabaki uso unaoelea hewani.

Kosa hilo huanzia kwenye mita ya mwanga. Mita imetengenezwa ili chochote inachopima kitoke kijivu cha wastani. Ukuta uliopakwa chokaa ukijaa kwenye picha, mita hudhani mwanga ni mwingi, mpiga picha hupunguza, na ngozi nyeusi hugeuka mkaa. Anayeijua kazi husogea karibu, akapima usoni pa bibi penyewe, kisha akapunguza hatua moja, kwa kuwa ngozi yake ni nyeusi kuliko kijivu kile. Ukuta ukizidi weupe, na uzidi. Lipo pia kosa la upande wa pili: kumzidishia bibi mwanga hadi atoke mweupe kuliko alivyo. Hili mimi nalihesabu kuwa baya zaidi, maana mara nyingi hufanywa kwa makusudi. Anayetaka kuona ngozi nyeusi ikipewa haki yake atafute picha za Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948. Mara nyingi alipiga uani kwa mwanga wa jua, kwa negativu za sentimita 13 kwa 18, na ngozi za wateja wake zina ngazi nyingi kati ya nyeusi na nyeupe.

Baada ya giza, njoo kwenye paji la uso. Ling'ae, lakini ngozi ionekane ndani ya mng'ao huo. Hapa anayehukumiwa ni msafishaji wa filamu. Filamu ya Ilford HP5 Plus kwenye dawa ya kusafishia ya D-76 isiyozimuliwa huhitaji dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20 za Selsiasi, na maji ya bomba ya Dar es Salaam ni ya moto kupita hapo. Dawa ikipata joto hufanya kazi haraka. Ukishikilia dakika zilezile, paji na ncha ya pua hutoka mabaka meupe matupu. Njia ya kuepuka hilo ni kuweka chombo ndani ya beseni la maji yenye barafu, na kipimajoto kiwe mkononi.

Jicho lililo karibu na kamera liwe kali, kope zionekane mojamoja. La pili likilegea si neno. Pua ikiwa kubwa kuliko unavyoijua, mpiga picha alisogea mno: mita moja na nusu inatosha, kwa lenzi ya milimita 85 au zaidi.

Mikunjo ya uso ndiyo inayonigusa zaidi. Studio za zamani zilikuwa na kawaida ya kuifuta kwa penseli juu ya negativu kubwa. Chukua kioo cha kukuzia, tazama chini ya macho: chembe za filamu zilizotapakaa shavuni zinakatika ghafla, na mahali pake pana mistari midogo laini. Bibi wa miaka themanini amesawazishwa akawa wa arobaini, na wajukuu wamenyimwa uso waliouzoea. Kwa picha ya familia sikubali.

Tabasamu si kipimo. Tangu 1975 Nicholas Nixon alimpiga picha mkewe Bebe na dada zake watatu mwaka hadi mwaka, kwa kamera ya inchi 8 kwa 10, wakisimama kwa mpangilio uleule. Mara nyingi hawacheki, na bado unaona wanamwamini aliye nyuma ya kamera. Tafuta imani hiyo mikononi mwa bibi: vidole vilivyolegea mapajani vinasema zaidi ya midomo.

Mwisho geuza karatasi. Madoa ya manjano au kahawia mara nyingi yanaonyesha kuwa dawa ya kukazia picha (haipo) haikuoshwa vya kutosha. Karatasi ya nyuzi hutaka karibu saa nzima ya maji yanayotiririka. Ile yenye plastiki, dakika chache tu. Ukiyakuta madoa hayo, omba picha ichapwe upya mapema, wakati negativu ingali ipo.