Shahada ya Edinburgh na Tafsiri ya Neno Uzamili
Baadhi ya maandishi ya Kiswahili husema kuwa Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alihitimu uzamili katika Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952. Tafsiri hiyo ina kasoro. Katika vyuo vikuu vikongwe vya Uskoti, M.A. ya fani za sanaa ni shahada ya kwanza. Kasoro hiyo haimpunguzii hadhi mfasiri wa *Mabepari wa Venisi* (1969). Inadhihirisha tu kwamba jina la shahada halitoshi kuitambulisha. Vivyo hivyo, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania inapotathmini uzamili wa mwaka mmoja kutoka Uingereza, muda pekee hautoshi kuwa kigezo. Sifa za kujiunga, mzigo wa masomo na tasnifu ndivyo vipimo vya haki kwa mhitimu anayerejea Musoma kutafuta ajira.