Kutoboa Njia Mpya ya Nyongo

Mgonjwa anafika hospitali ya wilaya ya Mpwapwa, mkoani Dodoma, macho yamegeuka manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, choo kimepauka, mwili unawasha. Ultrasaundi ya kawaida inaonyesha mirija ya nyongo imetanuka ndani ya ini: kuna kizuizi chini, pengine jiwe, pengine uvimbe wa kongosho. Nyongo itolewe vipi?

Kwa kawaida endoskopi hupitishwa mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mdogo, tundu la mrija wa nyongo likaingiliwa kutokea chini na stenti, kijirija cha kuacha njia wazi, ikawekwa. Uvimbe ukilibana tundu hilo, daktari anakwama. Mwaka 2001 Marc Giovannini na wenzake wa Marseille, Ufaransa, walieleza namna ya kulikwepa. Endoskopi yao ina ultrasaundi kwenye ncha. Ikiegemezwa kwenye ukuta wa utumbo, mrija uliotanuka unaonekana jirani kabisa, na dopla, kipimo cha mwendo wa damu, inaonyesha mishipa ya damu ya kuepukwa. Sindano inatoboa, nyongo inavutwa ili kuthibitisha, waya unapitishwa, tundu linapanuliwa, kisha stenti inaunganisha mrija na utumbo juu ya kizuizi. Hapo kwenye kupanua ndipo penye hatari, maana nyongo ikivuja tumboni huleta maambukizi makali. Stenti za siku hizi zenye ncha ya umeme hukata na kufunguka kwa mkupuo mmoja. Katika utafiti wa DRA-MBO wa 2023, wenye wagonjwa 155 wa saratani, kuweka stenti kwa njia hii kulifanikiwa kwa asilimia 96.2 dhidi ya 76.3 za njia ya kawaida.

Katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ambako mafunzo ya tiba radiolojia yalianza 2018 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Yale, sindano hupita kwenye ngozi na ini. Mantiki ni ileile, ila mrija hutoka nje na mfuko wake, mzigo mzito kwa anayeishi kijijini. Hata hivyo, kwa Dodoma naona njia hii ya kupitia ngozi ndiyo ya kuimarishwa kwanza: vifaa vyake ni rahisi zaidi, na baadaye stenti inaweza kupitishwa humohumo.

Vyovyote iwavyo, damu ipimwe kwanza kama inaganda. Nyongo isipofika utumboni, vitamini K, inayosaidia damu kuganda, hainyonywi vizuri, na sindano inaweza kuua kwa kuvujisha damu.

Ukiona macho ya njano na choo kilichopauka, nenda ukapimwe ultrasaundi. Homa ya kutetemeka ikiongezeka juu yake, usisubiri kesho.