Kinubi cha nyuzi za shaba kilivyorudi Ireland

Kinubi kimo kwenye sarafu za yuro za Ireland na kwenye nembo ya nchi hiyo. Mfano wake ni kinubi cha Enzi za Kati kilichohifadhiwa Trinity College, Dublin, ambacho sanduku lake la sauti limechongwa kutoka gogo la mwerebi. Hata hivyo, vinubi vingi vinavyopigwa Ireland leo ni uzao wa kingine: kile alichokiunda John Egan mjini Dublin mnamo 1819, chenye nyuzi za utumbo wa mnyama. Kile cha kale, kiitwacho cláirseach, kilikuwa na nyuzi za shaba zilizopigwa kwa kucha ndefu. Kufikia mwisho wa karne ya 19, walimu na wanafunzi wake walikuwa wameshatoweka.

Kuchonga kinubi kipya kwa kufuata vipimo vya kile cha makumbusho ni kazi ya fundi hodari. Ugumu uko kwa mpigaji. Uzi wa shaba ukishaguswa huendelea kulia kwa muda mrefu, kama kengele. Piga noti tano mfululizo bila kuzima hata moja, na wimbo hugeuka kelele. Kwa hiyo kila noti inadai maamuzi mawili: kidole kipi kiipige, na kidole kipi kiinyamazishe, lini. Nyingine huachwa zilie ili zichangamane na zinazofuata. Siri ya ala hii imo humo, na mbao hazielezi siri hiyo.

Ushahidi wa namna kilivyopigwa ulitoka Belfast. Mwezi Julai 1792, wapiga vinubi walikusanywa mjini humo, na Edward Bunting, kijana wa miaka 19, akaajiriwa kuandika nyimbo zao. Miongoni mwao alikuwa Denis Hempson, mzee wa zaidi ya miaka 90 aliyepofushwa na ndui utotoni. Yeye peke yake bado alipiga kwa kucha. Bunting alichapisha nyimbo hizo katika vitabu vya 1796, 1809 na 1840, lakini alizipanga kwa ajili ya piano, akaongeza sauti ambazo kinubi hakikuzitoa.

Hata hivyo, kitabu cha 1840 kina jedwali la mapambo ya wapiga vinubi, likionyesha vidole vinavyopiga na vinavyozima. Kinaeleza pia kwamba mkono wa kushoto ulishika sauti za juu, wa kulia za chini, na kwamba kulinganisha nyuzi kulianzia kwenye jozi ya nyuzi zenye sauti moja.

Mmarekani Ann Heymann alianza kuifanyia kazi ala hii miaka ya 1970. Alifuga kucha, akaegemeza kinubi bega la kushoto, akayajaribu maelezo ya jedwali kwenye nyuzi halisi. Hapo vidole vikawa hakimu: mpangilio uliokwamisha mkono ulitiliwa shaka, uliotiririka ukabaki. Matokeo aliyaweka kwenye kitabu cha mafunzo cha 1988. Siobhán Armstrong na wenzake wakaunda Jumuiya ya Kinubi cha Kihistoria ya Ireland mwaka 2002, na shule yao ya kiangazi huko Kilkenny hufundisha kwa nakala za vinubi vya kale.

Lipo pengo ambalo mbinu hii haiwezi kuliziba. Katika daftari za awali za Bunting, mkono wa sauti za chini haukuandikwa kwa ukamilifu, kwa hiyo kila mpigaji wa leo hulazimika kuubuni kwa sehemu. Laiti Bunting angeandika nyimbo chache kwa mikono yote miwili, badala ya kukusanya nyingi kwa mkono mmoja, kazi ingekuwa nyepesi. Mwenye kurekodi ala inayofifia na azingatie hilo: nyimbo zina njia nyingi za kudumu, lakini mwendo wa vidole hufa na mwenye vidole.