Bushi Iliyokaa Kitovuni

Ukitembelea karakana ya seremala mwenye meza ya rauta, utaonyeshwa kwanza bamba la alumini linavyong'aa, kisha rauta yenyewe na nguvu zake. Tazama kwa heshima, halafu omba uonyeshwe bushi. Ni kipete kidogo kinachofichika kiganjani, lakini ubora wa meza nzima umekaa hapo.

Kwa asiyeijua, bushi ina kofia bapa inayolala kwenye tundu la bamba, shingo inayochomoza juu ya meza, na uzi chini unaokazwa kwa nati. Biti hupita katikati ya shingo bila kuigusa. Unagandisha kiolezo cha plaiwudi chini ya ubao wako, unakisukuma kikiambaa shingo ya bushi, na biti inakata ubao kwa kufuata umbo la kiolezo. Ukipata oda ya migongo 24 ya viti vya kulia, utahangaika na kiolezo kimoja tu. Migongo yote itafuata. Wako mafundi wanaotosheka na biti yenye beringi, nami sina ugomvi nao. Ila bushi hukubali karibu biti yoyote ile inayopita ndani yake, ya kunyoosha au ya mkia wa njiwa, na ndiyo maana nasema kila anayekata kwa kiolezo anapaswa kuijua vizuri.

Hesabu yake ni nyepesi. Toa kipenyo cha biti kwenye kipenyo cha nje cha shingo, kisha gawa kwa mbili. Bushi ya milimita 30 ikiwa na biti ya nusu inchi, yaani milimita 12.7, huacha milimita 8.65 kati ya kiolezo na mkato. Huko Uingereza vifaa vya kuungia meza za jikoni vimejengwa juu ya jozi hiyohiyo. Lakini 8.65 hiyo ni ya kweli pande zote ikiwa tu biti imesimama katikati kabisa ya bushi. Ikihama kidogo, upande mmoja unapungua na wa pili unaongezeka, na wewe unaanza kulaumu kiolezo.

Anza ukaguzi kwa ukucha. Upitishe juu ya bamba, uvuke kofia ya bushi, utokee upande wa pili. Ukucha ukikwama unapopanda kofia, bushi hiyo haifai kwa meza hiyo, hata iwe nzuri namna gani. Kazi itakuwa inajikwaa pale kila mara, na kwenye mninga uliokwisha pigwa msasa jambo hilo linaumiza. Kofia ikizama kidogo chini ya uso wa bamba, hakuna neno.

Kisha legeza nati, shika shingo kwa vidole viwili, jaribu kuitikisa. Kofia inatakiwa kukaa kwenye kikalio chake bila kucheza. Katika mfumo ulioenea zaidi, ule wa Porter-Cable ya Marekani, tundu la bamba ni inchi 1 na 3/16 na kikalio cha kofia ni inchi 1 na 3/8, yaani takriban milimita 30.2 na 34.9. Hapo pana mtego. Bushi ya Uingereza iitwayo ya milimita 30 hutajwa kwa kipenyo cha nje cha shingo, na kofia yake pana hufungwa kwa skrubu. Anayesikia "thelathini" na kuona tundu la 30.2 atadhani vimeumbwa pamoja, alipie, afike nyumbani avikute havioani. Pima kofia na kikalio, usiulize jina la saizi peke yake.

Mabamba mengi siku hizi yana pete ya kutoa na kuweka, na bushi hukaa ndani ya pete hiyo. Hapo jaribu viungo viwili: pete ndani ya bamba, na bushi ndani ya pete. Kila kimoja kikicheza kidogo, mchezo unajumlishwa. Pete inayokazwa kwa skrubu au kwa kuzungushwa mpaka ijifunge naiamini. Ile inayobanwa tu kwa kidole ni nzuri kwa kuziba tundu, lakini siwezi kuipa bushi iibebe.

Sasa tufike kwenye kitovu, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Chombo chake ni koni ya kulengea: kijiti kinachofungwa kwenye koleti mahali pa biti, chenye koni inayoshuka ndani ya tundu la bushi mpaka igote pande zote. Usijaribu kazi hii rauta ikining'inia mezani, kwa sababu ukilegeza skrubu uzito wake utaivuta. Chomoa waya kwenye umeme, toa bamba pamoja na rauta yake, ulilaze kifudifudi juu ya vipande viwili vya mbao ili shingo ya bushi ipate nafasi chini. Legeza skrubu zinazoshika rauta, shusha koni mpaka ikae yenyewe, kisha kaza skrubu kidogokidogo kwa kupishana, kama mtu anayefunga gurudumu la gari.

Tazama vichwa vya skrubu hizo. Vikiwa vya koni, vinavyozama kwenye bamba, kila kichwa huivuta rauta kwenye tundu lake, na marekebisho yako yanafutika ukishakaza. Skrubu za kichwa bapa, zilizochimbiwa nafasi yenye uwazi kidogo, ndizo zinazoruhusu rauta isogee. Nikiziona kwenye bamba jipya najua aliyelitengeneza ameshawahi kukata mbao.

Baada ya hapo uachie ubao uamuzi. Chukua kiolezo chenye kingo mbili zilizonyooka na sambamba, tuseme upana wa milimita 100, na vipande viwili vya mbao chakavu vilivyo vipana zaidi. Gandisha cha kwanza, kata kingo zote mbili kiolezo kikiwa kati yako na bushi, ukisukuma kutoka kulia kwenda kushoto. Gandisha cha pili, zunguka usimame upande wa pili wa meza, fanya vilevile. Usipitishe mikono juu ya biti kwa uvivu wa kuzunguka. Kwa bushi ya 30 na biti ya nusu inchi, kila kipande kinatakiwa kutoka na milimita 117.3. Weka vipande viwili pamoja, uvipime kwa kalipa. Hitilafu ya kitovu hapa inakuzwa mara nne: biti ikiwa imehama kwa milimita 0.2 tu, vipande vitatofautiana kwa 0.8, na hiyo utaiona kwa macho. Rudia ukitumia upande wa kushoto na wa kulia wa bushi, maana biti inaweza kuwa sawa mbele na nyuma huku imehama ubavuni.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Nilinunua seti ya bushi, nikaifunga haraka kwa sababu oda ilikuwa inadaiwa, nikaanza kukata mkongo. Kwenye mgongo wa kiti wa nne nikasikia mlio kama wa senti inayosugua sakafu ya saruji. Nilipozima, nikakuta unga wa njano umechanganyika na vumbi la mbao. Bushi ilikuwa ya inchi 5/8 kwa nje na 17/32 kwa ndani, saizi ya kawaida kwa biti ya nusu inchi. Hesabu nafasi iliyobaki kuizunguka biti: inchi 1/64 kila upande, milimita 0.4. Nati ilikuwa imelegea kwa mtikisiko, bushi ikaegemea, na hiyo 0.4 ikaisha. Kilichoniokoa ni shaba ya njano. Ingekuwa bushi ya chuma, makali ya kabaidi yangemeguka, kwa kuwa kabaidi ni ngumu lakini huvunjika upesi. Tangu siku hiyo natumia za shaba, naweka pete nyembamba ya mpira kati ya nati na bamba, na nakagua nati kila ninapobadilisha biti.

Mambo mawili madogo yasipuuzwe. Kiolezo kiwe kinene kuliko shingo inavyochomoza. Shingo ikipanda milimita 10, tumia plaiwudi ya 12, la sivyo ubao utapanda juu ya shingo na kuyumba. Na ukiinua rauta, zungusha koleti kwa mkono kabla ya kuchomeka waya, uhakikishe nati ya koleti haigusi nati ya bushi.

Unapokwenda kununua, beba kalipa. Pima unene wa ukuta wa shingo mahali panne kuizunguka. Bushi iliyochongwa vizuri itakupa namba moja mara zote nne. Tofauti ikizidi unene wa karatasi ya ofisini, ambao ni kama milimita 0.1, irudishe rafuni, kwa sababu hakuna koni itakayoweza kuinyoosha.