Mashine Haijapita Mtaa wa Mchikichi

Kijiwe chetu cha uandishi hukutana kila Jumamosi saa kumi na moja jioni katika viwanja vya Mnazi Mmoja, upande wa Mtaa wa Lumumba. Tuko saba na hakuna hata mmoja mwenye kitabu. Mmoja anaendesha bodaboda, wawili wako chuo, mmoja ni fundi cherehani wa Gerezani, wawili wanasubiri ajira mwaka wa tatu sasa, na mimi nauza kava na chaja za simu Mtaa wa Aggrey. Nilimaliza kidato cha nne, na matokeo yangu tuyaache hivyo hivyo.

Mhariri aliniomba uhakiki. Nilitaka kumshika mwandishi mkubwa nimchambue mpaka mifupa, ili nami nionekane nimo. Lakini kwa zaidi ya mwezi sasa kijiwe chetu kimegawanyika kwa sababu ya hadithi mbili fupi ambazo hazijachapishwa popote. Moja ni ya mshikaji wangu, nyingine ni yangu. Basi nitazihakiki hizo hizo, maana naona kesi yao ni ya kila kijana anayeshika kalamu au simu mjini hapa akajiita mwandishi.

Zote mbili zinahusu jengo. Wakazi wa Dar hamhitaji kuambiwa jengo gani. Tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, ghorofa lilianguka Kariakoo, eneo la mitaa ya Mchikichi na Congo, likiwa na watu ndani. Waliokufa walizidi 20, na uokoaji uliendelea kwa siku kadhaa. Tulikubaliana kila mmoja aandike kurasa mbili juu ya asubuhi ile.

Mshikaji alikuja na kurasa nne, zimepigwa chapa steshenari, zimebanwa na pini. Akasoma. Jamani, tulipiga makofi, na mimi ndiye niliyepiga kwa nguvu kuliko wote. Sentensi zilitiririka, hakuna neno lililokwama. Mwanamke mfanyabiashara mwenye ndoto kubwa anaamka alfajiri, anawabusu watoto wake, anafika dukani, jua linachomoza juu ya paa za Kariakoo kama tumaini jipya. Kisha kishindo, vumbi, giza. Anaokolewa na kijana asiyemfahamu. Mwisho anatambua kwamba utu ni mali kuliko mali.

Makofi yalipokwisha, fundi cherehani, ambaye kwa kawaida ni mpole, akauliza: "Kaka, huyo mama alikuwa anauza nini?"

"Bidhaa," mshikaji akajibu.

"Najua bidhaa. Bidhaa gani?"

Kimya. Fundi hakuuliza kwa ubaya. Anawafahamu wanawake wa mitaa ile, anawashonea. Anajua kwamba anayeuza vitenge hawahi kufungua sawa na anayeuza vifaa vya umeme, na kwamba mwenye mikoba ya jumla hupokea wateja wa Kongo na Zambia wenye haraka ya kupakia mzigo. Mshikaji alipekua kurasa zake kama mtu anayetafuta jibu kwenye mtihani wa mwenzake. Mwisho akasema ukweli: hadithi ile aliiomba kwenye programu ya akili mnemba, yeye akabadilisha majina.

Hapo ndipo kijiwe kilipowaka moto. Wengine wakasema ni wizi. Wengine wakasema mbona hata Mzungu alipoleta taipureta watu walilalamika. Mimi nilirudi nyumbani na nakala ya ile hadithi nikaisoma mara tatu, na haya ndiyo niliyoyaona.

Kosa la hadithi ile si kwamba imetungwa na mashine. Msomaji hasomi mkono, anasoma karatasi. Kosa ni kwamba ndani yake hakuna kitu kimoja ambacho mtu alilazimika kukiona. Jua la Kariakoo halichomozi juu ya paa, bwana. Kwa maghorofa yale, saa mbili asubuhi Mtaa wa Mchikichi bado uko kivulini, na jua unalijua kwa kioo cha ghorofa la pili kinachokupiga machoni. Hakuna mkokoteni. Hakuna mtu anayepiga kelele upishe njia. Hakuna deni, na duka la Kariakoo lisilo na deni silijui. Halafu lile funzo la mwisho. Watu wamefukiwa, ndugu zao wanapiga namba ambazo hazipokelewi, na wewe unaniletea methali?

Linganisha na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ambayo iliwahi kuzuiwa shuleni. Baba anampiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, na hatuambiwi pale pale tufikirie nini juu ya baba yule. Tunabaki na kichapo chenyewe, na kitabu kizima kinakuwa jibu. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe na hadithi akaiweka Ukerewe. Kuna vitu mle ndani ambavyo programu yoyote ya kistaarabu ingevilainisha, na kwa kuvilainisha ingeua riwaya.

Sasa yangu. Nisijifanye mwema.

Hadithi yangu niliiandika kwa mkono kwenye kaunta buku, wiki tatu, na ni mbaya. Ina wahusika kumi na wawili katika kurasa mbili. Inaanza na ndoto. Shujaa wake anavaa koti la ngozi, Kariakoo, mwezi Novemba! Koti lile nalijua lilikotoka: nimekulia kwenye vitabu vya Elvis Musiba, nikimfuata Willy Gamba tangu Kufa na Kupona, na kila nikiandika mwanaume jasiri mkono unamvalisha kama jasusi. Kwa hiyo hata mimi nilinakili, tofauti ni kwamba mashine yangu ilikuwa kichwani na ilikuwa na vitabu vichache zaidi.

Lakini katika kuandika upya mara ya tatu, baada ya kumvua yule bwana koti, nilibaki na nafasi tupu nisiyojua cha kuijaza. Ndipo nikakumbuka. Siku ile nilikuwa Aggrey. Nilichosikia kwanza ni mageti ya maduka yakishushwa moja baada ya jingine, kama mtu anakimbia juu ya mabati. Nilipofika karibu na Mchikichi nilimwona mzee mmoja mwenye duka la jirani, amesimama katikati ya barabara, anawahesabu vijana wake kwa vidole. Akifika wa nne anasita, anaanza tena mmoja. Sikumwona akifika wa tano.

Hiyo ndiyo sentensi pekee kwenye kurasa zangu ambayo fundi cherehani aliomba niirudie. Na ninaeleza ilivyopatikana kwa sababu hapo ndipo hoja yangu ilipo. Haikuja kwa kipaji. Ilikuja kwa sababu niliandika vibaya, nikaona ubaya, nikatoa uongo, na pale penye shimo kumbukumbu ikaingia. Mashine haikuachii shimo. Unaiomba kurasa mbili, inakujazia mbili, laini kama sakafu ya benki, na wewe huoni mahali ambapo hukutazama.

Wazee wetu watafurahi kusikia hivyo na watasema, si mnaona, tupeni simu. La hasha. Kuna watu wanasifia shida kana kwamba shida ndiyo sanaa. Wanapenda kumtaja Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyeanza kuchora hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 bila turubai wala rangi za kisanii. Alichora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za kupakia baiskeli. Rangi ile inang'aa na haipendi mambo ya kivulivuli, basi chui wake wakatoka wazi, madoa yanahesabika, mandhari tupu nyuma. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu, akawa amechora kwa miaka michache tu. Ni kweli kabisa kwamba ufukwe wa vifaa ulimsaidia kupata mtindo. Lakini tembea leo uone picha zinazouzwa kwa jina lake: rangi aina ile ile, chui yule yule, mia kwa mia, na nyingi zimekufa. Kama rangi ya baiskeli ingekuwa dawa, basi wote wangekuwa Tingatinga. Kunakili kulikuwepo kabla ya kompyuta.

Na simu hiyo hiyo imenifundisha mengi. Nikiwa ndani ya mwendokasi naandika mazungumzo kwenye simu huku mtu kaniegemea kwapani. Narekodi wapiga mnada wa Mtaa wa Congo, usiku nasikiliza jinsi wanavyopumua kabla ya kutaja bei. Mdundo ule huwezi kuukumbuka kwa kichwa. Mwaka jana niliibiwa simu kituoni ikiwa na kurasa sitini za riwaya yangu. Nililia, sifichi. Nikaandika upya kwenye daftari kutoka kichwani, zikatoka kurasa thelathini na nane, na siwezi kukumbuka zile ishirini na mbili zilihusu nini. Mwizi yule ni mhariri mzuri kuliko mimi.

Kuna jambo moja tu la simu ninaloliogopa, nalo ni papara ya wasomaji. Waliokuwepo wanakumbuka hadithi za mfululizo za Eric Shigongo katika magazeti kama Ijumaa na Uwazi, jinsi neno "itaendelea" lilivyomfanya mtu asubiri wiki nzima. Siku hizi hadithi za namna hiyo ziko kwenye makundi ya WhatsApp: unasoma sehemu za mwanzo bure, unalipia, unaunganishwa. Siwadharau. Mwandishi anayemfanya kondakta akatoa pesa yake ili ajue nani kamuua nani, ana ufundi ambao wasomi wengi hawana. Lakini sehemu ya tisa ikishatoka huwezi kurudi kurekebisha ya pili, na wasomaji wanadai ya kumi usiku huo huo. Ndiyo maana mhusika anakufa sehemu ya nne na sehemu ya kumi na moja anakunywa chai. Nami nilijaribu, nikaishia sehemu ya saba, na mpaka leo kuna dada mmoja wa Buguruni ananidai mwisho.

Kwa hiyo ningemshauri nini mshikaji wangu? Nilimshauri, kweli. Nilimwambia: iache ile programu ikusahihishie tahajia, ikuulize maswali, lakini rasimu ya kwanza iwe mbaya na iwe yako. Nenda Mchikichi, kaa siku mbili, uliza yule mama anauza nini. Ukichoka jua, Maktaba Kuu ya Taifa iko hapo hapo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, toka mwaka 1967, kuna viti na kivuli. Akanijibu jambo ambalo bado sijapata jibu lake. Akasema: "Wewe una kibanda Aggrey, unakaa hapo kutwa unatazama watu na unalipwa. Mimi nalea wadogo zangu wawili, siku mbili za kukaa Mchikichi nitazitoa wapi?"

Anataka kuipeleka ile hadithi, akiirefusha iwe riwaya, kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Tuzo hiyo ilitolewa mara ya kwanza Aprili 13, 2023, na tangu hapo imetutia wazimu wote. Nilimwambia nitamwona mwongo akifanya hivyo. Nilisema mbele ya wenzetu, kwa sauti, na haikuwa lazima niseme mbele ya wenzetu.

Jumamosi tatu hajaja. Fundi cherehani anasema alimwona Gerezani akiwa na daftari, ila huenda lilikuwa la hesabu za duka la mjomba wake. Rosa Mistika niliyoisoma ili niandike uhakiki huu ni yake, jalada limechanika, na ukurasa wa mwisho kauandikia kwa penseli maneno ambayo sitayataja hapa. Kesho baada ya kufunga kibanda nitampelekea.